Kuhamisha programu ya mwani kwenda rantaimu mpya: jibu kwa msomaji wa Micheweni

SWALI: Assalaam alaykum kaka. Niko Micheweni, Pemba, nasimamia programu ya ushirika wetu wa mwani. Karani anapima mzigo, anaandika kwenye simu, mkulima anapata ujumbe wa kilo zake na malipo yake. Programu iliandikwa 2017 kwa Python 2.7 na iko juu ya Google App Engine, jukwaa la Google la kuendeshea programu. Aliyeiandika kasafiri, nimebaki nayo mimi. Sasa naambiwa rantaimu yangu, yaani mazingira ambamo programu inakimbia, imekwisha muda, nihamie kizazi cha pili, na yametajwa mambo mengi: maktaba yoyote, kugawa trafiki, kushuka hadi sifuri, muda mrefu wa maombi. Wenzangu wanasema niache yote niende Cloud Run, huduma nyingine ya Google ya kuendeshea programu, ya Johannesburg. Na siku za kununua, vituo vyetu vitatu vikifunguliwa, programu inasuasua hata sekunde nane, karani anabonyeza mara tatu nne ndipo ikubali. Ripoti ya mwezi nayo inakatika, na muhtasari wa siku unaotakiwa saa moja usiku unatoka saa nne. Nianze wapi, na kipi kinanihusu kweli? Nimeambatanisha mstari wa hesabu ya malipo, faili ya app.yaml yenye mipangilio ya programu, na faili ya kroni, yaani kazi zinazojiendesha kwa ratiba.

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mstari wa malipo nimeusoma mara tano. Nitaanza na huo mstari, ingawa hukuniuliza, maana ndio wenye fedha za watu:

malipo = gramu / 1000 * bei

Katika Python 2, namba nzima ikigawiwa kwa namba nzima jibu linatoka zima, na baki linatupwa. Mkulima akileta gramu 12,750, mashine inaona kilo 12, zile gramu 750 hazipo tena. Tuseme bei ni shilingi 1,000 kwa kilo, kwa mfano tu: mama huyo analipwa 12,000 badala ya 12,750. Katika Python 3 mstari huo huo, bila kuguswa hata herufi, unatoa 12,750. Hakuna kosa litakaloandikwa popote. Programu itakwenda vizuri tu, ila fedha zitabadilika.

Kabla hujashtuka, angalia mambo mawili. Fungua juu kabisa ya faili hilo uone kama kuna maneno from __future__ import division. Yakiwepo, hesabu ilikuwa sawa tangu mwanzo. Halafu muulize karani kama mizani yenu inasoma gramu kweli au anaandika kilo kamili tu. Kama maneno hayo hayapo na mizani inasoma gramu, basi wakulima wenu wamekuwa wakikatwa kidogo kidogo katika kila mzigo tangu 2017, na hakuna aliyekusudia. Uzuri ni kwamba gramu zenyewe zimehifadhiwa, kwa hiyo deni la kila mwanachama linaweza kupigwa hesabu, mzigo kwa mzigo. Mpelekee mwenyekiti tarakimu hizo kabla ya kuhama. Siku toleo jipya litakapoanza kazi malipo ya kila mtu yatapanda kidogo, na akina mama wanaojua mizani yao watauliza kwa nini.

Mstari wenyewe uandike hivi:

malipo = (gramu * bei + 500) // 1000

Zidisha kwanza, gawanya mwisho, na ile 500 inakupeleka kwenye shilingi iliyo karibu. Umeandikwa hivyo, unatoa jibu moja katika Python 2 na Python 3, kwa hiyo unaweza kuupima leo leo kwa mizigo ya zamani.

Sasa kuhusu kuhama. App Engine ilipotangazwa Aprili 2008 ilikubali Python peke yake; Java ikaja 2009, Go 2011. Kizazi hicho cha kwanza kilikuwa kama nyumba ya kupanga yenye masharti: maktaba zilizoandikwa kwa Python peke yake, au zile chache zilizoruhusiwa, na kuandika kwenye diski marufuku. Masharti hayo ndiyo yaliyowawezesha Google kuweka programu za watu wengi kwenye mashine moja bila mmoja kumchungulia mwenzake. Mwaka 2018 wakatoa gVisor, ukuta wa aina nyingine unaosimama kati ya programu na kiini cha mfumo, na juu yake wakajenga kizazi cha pili. Ndiyo maana sasa unaweza kuandika maktaba yoyote katika requirements.txt na ikasakinishwa. Python 2 yenyewe waliacha kuitunza waliokuwa wakiitengeneza tarehe 1 Januari 2020, na Google wakaacha kuzihudumia rantaimu za kizazi cha kwanza tarehe 30 Januari 2024. Programu yako inaendelea kukimbia, lakini haipati viraka vya usalama, na ukikwama huna wa kumwita. Kwa programu yenye majina na namba za simu za wanachama, hiyo peke yake inatosha. Hama. Nenda Python 3.12 au 3.13.

Kazi kubwa itakuwa wapi? Nimeona katika faili yako unatumia webapp2, mfumo wa zamani wa kupokea maombi ya wavuti. Hiyo Google hawaihudumii katika Python 3, kwa hiyo njia zako zote, yaani anwani ambazo programu inazijibu, utaziandika upya kwa Flask, mfumo mwingine wa kazi hiyo hiyo. Zipo kumi na moja tu, ni kazi ya siku mbili tatu kwa mtu mtulivu. Ninachokuomba usikiguse ni hifadhidata. Tangu 2021 Google wamefungua huduma zile za zamani, yaani ndb (ya kuongea na hifadhidata), Memcache (kumbukumbu ya muda) na foleni za kazi, kwa kizazi cha pili pia. Weka app_engine_apis: true katika app.yaml, ongeza kifurushi cha appengine-python-standard, na maumbo yako ya ndb yatabaki yalivyo. Watu wengi hutupa vyote kwa pamoja, wakaandika upya njia, hifadhidata na foleni katika wiki moja, halafu kitu kikivunjika hawajui kilichovunja. Badilisha kimoja, kipime, ndipo ugeuke kwenye kingine.

Kwa sababu hiyo hiyo nasema hapana kwa Cloud Run, kwa sasa. Ni huduma nzuri, imekuwepo tangu 2019, na kweli iko Johannesburg, ambako Google walifungua kituo chao Januari 2024. Lakini ugonjwa wako si umbali. Mwanga ndani ya waya wa kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kila kilomita 1,000 inakula milisekunde 10 kwenda na kurudi. Programu yako iko Ubelgiji, na hata njia ya waya ikiwa na kilomita 12,000 ni milisekunde 120 au zaidi kidogo. Karani hazihisi. Anachokihisi ni sekunde nane, na sekunde nane hazitoki Ubelgiji. Isitoshe, mahali pa App Engine ukishapachagua hapabadiliki, lazima ufungue mradi mpya na kuhamisha data zote. Liache hilo. Ila siku ukifikiria kuhamisha data za watu kutoka nchi moja kwenda nyingine, soma kwanza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ina masharti yake kuhusu kupeleka taarifa nje.

Sekunde nane zinatoka wapi basi? Nimeiangalia app.yaml yako: F1, daraja dogo kabisa la mashine, na chini yake hakuna kitu. Maana yake jukwaa linaamua lenyewe nakala ngapi za programu ziwe macho, na kama hakuna maombi zinalala zote. Huko ndiko kushuka hadi sifuri unakokusoma kama jambo jipya; si jipya, umelala nalo tangu 2017. Lilinganishe na kazi yako. Maji mafu, bahari isipokupwa sana, wiki nzima hakuna anayefungua programu ila wewe. Bamvua likija, maji yakipwa mbali, akina mama wanashuka kuvuna, mwani unaanikwa, ukikauka vituo vyenu vitatu vinafunguliwa siku moja, saa moja. Saa tatu asubuhi makarani watatu wanabonyeza kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi, na hakuna nakala hata moja iliyo macho. Ya kwanza inaamka, inapakia maktaba zake, inafungua hifadhidata. Karani haoni kitu, anabonyeza tena. Maombi yanalundikana, jukwaa linaamsha nakala ya pili na ya tatu, nazo zinaanza safari ile ile. Programu nyingi hupokea watu kidogo kidogo siku nzima. Yenu inakwenda na mwezi, inajaa na kupwa, na mipangilio ya kawaida haikuwekwa kwa ajili ya kazi ya namna hiyo.

Dawa ni mistari michache. Chini ya automatic_scaling weka min_instances: 1, ili nakala moja ikae macho daima, na max_instances: 3, ili siku mambo yakiharibika isizaliane ikakumaliza. Kuhusu bili usiogope: App Engine inakupa bure saa 28 za F1 kila siku, na nakala moja ikikaa macho usiku na mchana inakula 24. Zinabaki saa nne za nakala ya pili na ya tatu, na siku ya kununua ikizidi hapo utalipa kidogo. Lakini usipande F2 bila sababu, maana hiyo inakula saa hizo mara mbili. Na usitegemee onyo la bajeti likulinde. Bajeti inakuletea barua pepe tu, haifungi bomba. Anayefunga bomba ni ile max_instances.

Sasa nije kwenye jambo ambalo katika orodha ya mambo uliyotajiwa hulikuti, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Umeandika kwamba karani anabonyeza mara tatu nne. Kila mbonyezo ni ombi. Je, seva yako inajua kwamba yale maombi manne ni mzigo mmoja?

Miaka iliyopita niliandika programu kama yako kwa kikundi kimoja hapa Unguja. Mtandao ulikuwa unakatika katikati: ombi linafika, seva inaandika, jibu linapotea njiani. Simu inadhani haikufika, inatuma tena. Jioni akaja mama mmoja na karatasi mbili mkononi, kilo 43 na kilo 43, saa ile ile, akaniambia, "Mwanangu, hii moja si yangu." Niliikagua daftari ya siku hiyo nikakuta mizigo tisa imeandikwa mara mbili. Wanane hawakuja kuniambia, na siwalaumu, kwani nani anayehesabu ujumbe wa simu? Kosa lilikuwa langu mimi niliyeandika msimbo.

Tangu siku hiyo sijaandika fomu ya aina hii bila namba ya mzigo kuzaliwa kwenye simu. Karani akifungua fomu mpya, simu inatengeneza namba ndefu ya nasibu, na namba hiyo haibadiliki mpaka fomu ifungwe. Ukibonyeza mara moja au mara kumi, namba ni ile ile. Kwenye seva, ifanye iwe ndiyo ufunguo wa rekodi katika ndb: ndani ya muamala mmoja (transaction) itafute kwanza kwa get_by_id; isipokuwepo iandike, na ukikuta rekodi ipo tayari, jibu "imepokelewa" bila kuandika tena wala kutuma ujumbe mwingine kwa mkulima. Ni mistari sita au saba.

Na ukishafika hapo, umebakisha hatua moja tu ya kuifanya programu ifanye kazi mtandao ukiwa haupo kabisa: simu inaweka mizigo kwenye hifadhi ya kivinjari, mtandao ukirudi inaituma yote, na seva haiogopi marudio. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu baharini, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku kama hiyo seva yako ingekuwa nzima kabisa huko iliko, na isingekusaidia kitu. Sisi wa Unguja tuliokaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa umeme wa kutoka bara ulipoharibika, tunajua maana ya kutegemea waya mmoja uliopita chini ya bahari. Nanyi Pemba umeme wenu umetoka Tanga kwa njia hiyo hiyo tangu 2010. Mzani hauhitaji mtandao. Daftari la karani lisihitaji pia.

Kugawa trafiki nako si kugeni, lakini ndiko kutakakokuokoa katika kuhama. Ukipandisha toleo jipya, tumia --no-promote: linapanda, linapewa anwani yake lenyewe, na watu wanaendelea na la zamani. Jukwaa linakuruhusu kisha kupeleka asilimia fulani ya maombi kwenye jipya, kwa anwani ya IP, kwa kuki, au kwa bahati nasibu. Wewe usitumie IP, kwa sababu simu za makarani hubadilishiwa anwani na mitandao kila mara, na mtu mmoja atarushwa huku na huku. Wala mimi nisingetumia asilimia. Una vituo vitatu, makarani watatu, unawajua kwa majina. Mpe mmoja, yule mwenye subira, anwani ya toleo jipya moja kwa moja, na ukae naye siku nzima mezani.

Ila kumbuka: matoleo yote mawili yanaandika kwenye hifadhidata moja. Toleo la majaribio linagusa data za kweli. Na kama umehifadhi vitu kwa pickle, namna ya Python ya kufungasha data, ama katika ndb ama katika Memcache, vilivyoandikwa na Python 3 vinaweza kuishinda Python 2 kuvisoma. Tafuta neno PickleProperty katika msimbo wako wote kabla hujapandisha chochote.

Mengine ni madogo. Muda wa ombi umepanda kutoka sekunde 60 hadi dakika 10, na hiyo itamaliza tatizo la ripoti yako ya mwezi inayokatika. Lakini kazi ndefu hivyo ipeleke kwenye foleni, karani asikae akitazama duara linazunguka. Sasa unaweza kuandika faili katika /tmp, ila ile /tmp ni kumbukumbu ya mashine, na F1 ina megabaiti 384 tu. Risiti ziende Cloud Storage, hifadhi ya faili ya Google. Nywila ya huduma ya ujumbe mfupi niliyoiona imeandikwa wazi katika app.yaml, ibadilishe leo, kwa kuwa umenitumia mimi na sijui umemtumia nani mwingine, kisha mpya iweke katika Secret Manager, kabati la Google la kutunzia siri.

Na kroni. Umeniambia muhtasari wa siku unatakiwa utoke saa moja usiku lakini unatoka saa nne. Faili yako inasema every day 19:00 bila kutaja eneo la saa, na App Engine isipoambiwa inahesabu kwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma yetu saa tatu. Ongeza timezone: Africa/Dar_es_Salaam. Unapoandika saa humo sahau kabisa hesabu yetu ya saa moja, saa mbili. Saa moja usiku ni 19:00, saa tatu asubuhi ni 09:00. Nimeona mtu aliyeandika 03:00 akitaka saa tatu asubuhi, na wanachama wake wakaamshwa na ujumbe usiku wa manane.

Mpangilio ningeufuata hivi. Maji mafu haya, rekebisha hesabu ya malipo, ongeza namba ya mzigo, andika njia kwa Flask, na upime toleo jipya kwa mizigo ya bamvua mbili zilizopita: gramu zile zile ziingie, na utazame malipo yanatofautiana wapi na kwa nini. Bamvua linalofuata, kituo kimoja. La baada yake, vyote vitatu. Toleo la zamani liache limelala bila trafiki mpaka bamvua mbili zipite salama. Likilala halikugharimu nakala yoyote, na kulirudishia trafiki ni amri moja. Ukilifuta, usitegemee kulipandisha tena.